Faili la APK na programu za "mpira bure": kagua hivi kabla hujasakinisha

Jumamosi saa kumi jioni simu yangu haitulii. Mechi inakaribia, king'amuzi kimekwisha malipo, bando lipo, na mtu katumiwa faili kwenye kundi la WhatsApp. Jina lake lina maneno Live, Pro na Mod, na mwishoni .apk. Swali ninaloulizwa huwa lilelile: "Fundi, hii inaingia?" Kuingia itaingia. Mimi ningeuliza jingine: nani kaifunga, na ikishaingia itataka nini kwako? Nimeandika hatua hizi kwa ajili ya maswali hayo mawili. Zinawahusu wenye Android. Wa iPhone wapumzike, huku kwetu Apple bado imeshikilia ufunguo wa mlango huo.

Jua kwanza umeshika nini

APK ni kifurushi cha programu, na ukweli wake ni faili la zip lililopewa jina jingine. Jaribu mwenyewe: chukua APK yoyote, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, kisha ifungue kwa programu ya kupangia mafaili. Utakuta classes.dex, yaani maelekezo yenyewe ambayo simu inayatekeleza. Utakuta folda ya res yenye picha na aikoni, na mara nyingi folda ya lib yenye vipande vilivyotengenezwa kwa aina fulani ya prosesa, ule ubongo wa simu. Na utakuta AndroidManifest.xml, ambalo mimi huliita cheti cha kuzaliwa. Humo mna jina halisi la programu, toleo lake na orodha ya ruhusa itakazoomba. Ukilifungua kama maandishi ya kawaida utaona herufi za ajabuajabu, kwa sababu limegeuzwa kuwa lugha ya mashine, lakini kuna njia rahisi ya kulisoma, nitaieleza chini.

Jina halisi silo lile linaloonekana chini ya aikoni. Chukua vichezeshi viwili vya video: VLC jina lake la ndani ni org.videolan.vlc, na Kodi ni org.xbmc.kodi. Aikoni ya VLC, ile koni ya barabarani ya rangi ya machungwa, mtu yeyote anaweza kuinakili kwa dakika moja. Kwa hiyo usiwahi kuiamini programu kwa sura.

Hatua ya 1: Angalia simu kabla ya faili

Ingia Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu, soma toleo la Android. Android 14 na kuendelea hukataa programu zilizolengwa kwa matoleo ya kabla ya Android 6.0. Sababu ni kwamba programu za enzi hizo zilichukua ruhusa zote kwa mkupuo wakati wa kusakinishwa, bila kukuuliza moja moja, na matapeli walikuwa wakijifanya wa zamani makusudi ili wapite hapo. Simu ikikataa faili kwa sababu hiyo, ishukuru, usitafute njia ya uchochoroni.

Kisha prosesa. Simu nyingi za bei ya chini zinaendesha Android ya biti 32, na hata TV nyingi za Android ni hivyohivyo. Faili lenye armeabi-v7a kwenye jina ni la biti 32, lenye arm64-v8a ni la biti 64. La 32 huingia kwenye simu nyingi za 64, isipokuwa chache mpya kama Pixel 7 ya mwaka 2022 na zilizoifuata. La 64 haliingii kwenye 32 hata ulibembeleze. Ukiona neno universal, faili limebeba aina zote, ndiyo maana linakuwa zito.

Ujumbe wa kwamba kifurushi kimeshindwa kusomeka, mara nyingi maana yake faili halikumalizika kupakuliwa au Android yako ni ya zamani kuliko programu inavyotaka. "Programu haijasakinishwa" inaweza kuwa nafasi imejaa, prosesa hailingani, au saini zinagongana. Hiyo ya saini ndiyo kubwa, tutaifikia.

Kuna jambo linalowachanganya wanaorushiana programu kwa Xender au Bluetooth. Tangu Agosti 2021 Google Play inataka programu mpya zipelekwe dukani kwa muundo mwingine, na duka lenyewe ndilo linalokata vipande vinavyofaa simu yako: kipande cha prosesa yako, cha lugha yako, cha ukubwa wa skrini yako. Kwa hiyo programu iliyoko kwenye simu ya jirani inaweza kuwa imekatwa kwa vipimo vya simu yake. Ukirushiwa kipande kimoja tu, itagoma au itafunguka na kufunga papo hapo. Mafaili yanayoishia na .apks, .xapk au .apkm ni furushi la vipande hivyo vikiwa pamoja, na huhitaji programu maalumu ya kuyasakinisha. Hapo unamwamini mtu wa pili juu ya yule wa kwanza. Mimi, nikiwa na chaguo, natafuta APK moja nzima.

Hatua ya 2: Faili limetoka mkononi mwa nani

Ngazi ya kwanza ni Play Store. Ya pili ni tovuti ya mtengenezaji mwenyewe: videolan.org kwa VLC, kodi.tv kwa Kodi. Ya tatu ni maghala yenye utaratibu. F-Droid, iliyoanza mwaka 2010, huweka programu huria tu, zile ambazo yeyote anaweza kusoma jinsi zilivyoandikwa. APKMirror hulinganisha saini ya faili jipya na ya matoleo yaliyotangulia kabla ya kuliweka, na haipokei programu zilizochakachuliwa.

Baada ya hapo ni gizani. Ukurasa wenye vitufe vitano vya "Download" ambavyo vinne ni matangazo, chaneli ya Telegram, kundi la mtaa, flashi ya rafiki. Sisemi kila kilichomo humo ni sumu. Nasema huna wa kumuuliza.

Hatua ya 3: Soma lakiri

Wazee walipotuma barua nyeti waliifunga kwa lakiri na kuigonga muhuri. Barua ikifika na lakiri imevunjwa, unajua kuna aliyeisoma njiani. APK inafanya kazi hivyohivyo. Mtengenezaji huifunga kwa ufunguo wake wa siri, na Android hukataa kusakinisha kifurushi kisicho na saini au kilichoguswa baada ya kutiwa saini. Ukibadilisha hata herufi moja ndani, lakiri imevunjika.

Sasa tazama neno Mod, au Unlocked, au "Premium bure". Ili kuichakachua programu, mtu lazima aifungue, abadilishe anachobadilisha, kisha aifunge upya. Ufunguo wa mwenye programu hana, kwa hiyo ataifunga kwa ufunguo wake. Kwa maneno mengine, kila programu ya Mod inakwambia waziwazi kwamba barua hii imefunguliwa njiani na mtu usiyemjua. Labda aliondoa matangazo tu. Labda aliongeza kitu. Lakiri haitakwambia ni lipi kati ya hayo.

Kipimo rahisi kuliko vyote hakihitaji kompyuta. Kama programu halisi tayari iko kwenye simu yako, jaribu kusakinisha faili jipya juu yake. Android haikubali kusasisha programu kwa kifurushi chenye saini tofauti. Itakwambia kifurushi kinagongana na kilichopo, au haijasakinishwa tu. Hapo ndipo utasoma maelekezo ya aliyelileta: "Futa kwanza ile ya zamani." Ukiona sentensi hiyo, simama. Anakuomba uondoe mlinzi pekee aliyeweza kumtambua.

Kama huna toleo halisi la kulinganisha, nenda virustotal.com. Ni huduma iliyoanzia Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Unapakia faili, linachunguzwa na injini nyingi za kusaka virusi kwa pamoja. Watu wengi huangalia namba nyekundu tu na kuondoka. Usiondoke. Fungua sehemu ya maelezo: ndipo penye jina la ndani la programu, alama ya cheti cha saini kilichoifunga, na ruhusa zote zilizoombwa, zimetolewa kwenye lile AndroidManifest nililosema halisomeki. Faili linalojiita VLC huku jina la ndani likiwa kitu kingine kabisa, umelimaliza bila kuliingiza kwenye simu.

Tahadhari moja. Sifuri kwenye VirusTotal si cheti cha utakatifu. Kuna programu zinazoingia zikiwa safi, kisha baada ya siku kadhaa zinapakua uchafu wenyewe kutoka mtandaoni.

Hatua ya 4: Ruhusa, ndipo penye mchezo wote

Jiulize programu ya kuonyesha mpira inahitaji nini. Intaneti. Kuzuia skrini isizimike katikati ya penalti. Ruhusa ya arifa, ambayo tangu Android 13 lazima iombwe. Kama inacheza na video zako za ndani, itaomba kusoma video. Orodha inaishia karibu na hapo.

Ikiomba kusoma SMS, ondoka. Namba za uthibitisho za benki, za WhatsApp na za akaunti nyingine nyingi huja kwa SMS, na aliye na ruhusa hiyo anazisoma hata simu ikiwa mfukoni mwako. Ikiomba majina ya watu na kupiga simu, ondoka pia.

Ikiomba huduma za ufikivu, usifikirie mara mbili. Huduma hizi zimewekwa kwa ajili ya watu wasioona au wenye shida ya kutumia mikono: programu yenye ruhusa hiyo inaweza kusoma kilichoko kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Kwa msaidizi wa kipofu ni neema. Kwa mwizi ni mkono wake ndani ya programu yako ya benki. Kuanzia Android 13 simu huzuia programu nyingi zilizotoka nje ya duka zisiwashiwe ufikivu kirahisi, ndiyo maana siku hizi maelekezo ya matapeli yana picha zenye mishale ya kukuonyesha nukta tatu za kugusa ili uondoe kizuizi. Ukiona mtu amejitahidi hivyo kukufundisha, jiulize analipwa na nani.

Kuonyesha juu ya programu nyingine kuna utata kidogo. Baadhi ya vichezeshi halali huiomba ili kidirisha cha video kielee wakati unajibu meseji. Lakini ruhusa hiyohiyo hutumika kufunika programu ya benki kwa ukurasa bandia wa kuingiza namba ya siri. Kama huhitaji kidirisha kinachoelea, kataa, programu njema itaendelea kucheza.

Mbili za mwisho watu huzipita bila kuziona. Programu ya video inayoomba iruhusiwe kusakinisha programu nyingine ni mbeba mizigo ya watu. Na inayoomba kuunganisha VPN inataka mawasiliano yote ya simu yako yapite mkononi mwake. Utaona alama ndogo ya ufunguo juu ya skrini.

Hatua ya 5: Ni jagi, ni duka, au ni mtego?

Programu za video zilizoko nje ya duka huchanganywa kwenye kapu moja, na si haki.

VLC na Kodi ni majagi matupu. Kodi ilizaliwa mwaka 2002 ikiwa kichezeshi cha video cha mashine ya michezo ya Xbox, ikaja kupewa jina la sasa mwaka 2014, na haina chaneli hata moja ndani yake. Unachokimimina ni chako: filamu zako za diski, au orodha ya M3U. M3U nayo ni faili la maandishi tu, mstari baada ya mstari wa anwani za matangazo. Jagi halina kosa. Uliza maji yametoka kisima gani, hasa pale anayekuuzia "Kodi iliyojaa" ameijaza viongezi, yaani programu ndogo za kuongeza chaneli, visivyo na mwenyewe.

Duka ni huduma yenye haki ya kurusha inachorusha, kama AzamTV Max au DStv Stream. Hizi ziko Play Store, na ndiyo maana hupaswi kuzipokea kwa njia ya APK ya kwenye kundi. Msimu ukianza, nakala bandia za majina hayo huota kama uyoga.

Kundi la tatu ndilo linaloahidi kila chaneli, kila ligi, kila filamu, bila senti. Kurusha vitu hivyo bila kibali ni kosa chini ya sheria za hakimiliki, Tanzania ile ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na Kenya marekebisho ya mwaka 2019 yaliongeza utaratibu wa kuyashusha yaliyowekwa mtandaoni bila idhini. Lakini tuache sheria kidogo, tuhesabu hela. Mitambo ya kurusha video kwa maelfu ya watu ina gharama kila mwezi. Kama wewe hulipi, nani analipa?

Jibu moja tunalo. Mobdro ilikuwa programu maarufu ya aina hii, ikisambazwa kwa APK nje ya duka. Polisi wa Hispania waliizima mwaka 2021, na uchunguzi ukaonyesha kwamba waendeshaji walikuwa wakiuza taarifa za watumiaji na kuziingiza simu zao kwenye mtandao ambao wengine waliulipia, ili wapitishe mawasiliano yao humo. Mtu usiyemjua anatembea mtandaoni kwa jina la laini yako, na kwa bando lako.

Tukiwa kwenye bando. Netflix yenyewe inasema video ya ubora wa kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na ya HD hadi GB 3. Mechi na mapumziko yake inakaribia saa mbili. Ukiitazama kwa HD, hiyo "bure" inaweza kukugharimu GB 5 au zaidi, na kibanda umiza cha jirani kingekutoza chini ya hapo. Ingia Mipangilio, sehemu ya matumizi ya data, uitazame programu hiyo imekula kiasi gani chinichini wakati wewe umelala. Programu ya mpira haina kazi saa tisa usiku.

Na kile kiduara kinachozunguka kila timu yako ikikaribia goli? Matangazo haya hukatwa vipande vya sekunde chache chache na kupakuliwa kimoja kimoja, kwa mfumo ulioletwa na Apple mwaka 2009. Mtambo ukizidiwa na watazamaji, kipande kinachofuata kinachelewa. Kubadilisha APK hakutibu hilo.

Hatua ya 6: Sakinisha, kisha funga mlango

Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017 ruhusa ya kusakinisha kutoka nje hupewa programu moja moja: unairuhusu Chrome, au programu ya mafaili, peke yake. Iruhusu, sakinisha, kisha rudi uizime. WhatsApp na Telegram usizipe kamwe. Play Protect, mlinzi wa Google anayekagua programu kwenye simu, iache iwe imewashwa. Google ilianza Singapore mwaka 2024 jaribio la kuzuia mafaili ya nje yanayotaka SMS au ufikivu, kisha nchi nyingine zikafuata, Kenya ikiwemo. Na Agosti 2025 ilitangaza kwamba watengenezaji watalazimika kuthibitisha utambulisho wao hata kwa programu za nje ya duka, kuanzia Septemba 2026 katika nchi nne, Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kabla ya kwenda kwingine.

Kama umeshaiingiza

Washa hali ya ndege kwanza. Kisha ingia kwenye ufikivu na kwenye orodha ya wasimamizi wa kifaa, uizime huko, maana ikiwa imejishika hapo kitufe cha kuondoa hakitafanya kazi. Ikigoma, washa simu kwa hali salama: kwenye simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuwasha, halafu unashikilia neno la kuzima hadi uulizwe. Humo programu za nje hazifanyi kazi, utaiondoa bila ugomvi.

Ukimaliza, tumia simu nyingine, siyo hiyo, kubadilisha nywila ya Google na ya benki. Angalia vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako wa pesa kama kuna muamala usioujua, na usisubiri Jumatatu. Kama ilipata ufikivu hata kwa saa moja, mimi ningehifadhi picha na kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani.

Dawa hiyo ya mwisho haifanyi kazi kwenye masanduku ya TV ya bei chee. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, programu chafu ambayo baadhi ya vifaa hivyo hununuliwa ikiwa tayari imo ndani, na mwezi uliofuata Google ikafungua kesi ikisema vifaa vilivyoathirika ni zaidi ya milioni 10. Uchafu ukiwa umekaa kwenye mfumo wenyewe, ukilirudisha sanduku kama lilivyotoka kiwandani, uchafu nao unabaki. Kabla ya kununua, fungua Play Store kwenye sanduku, mipangilio, kuhusu, usome kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect. Lisilo na Play Store halisi, au lenye maelekezo ya kuzima Play Protect kwenye karatasi ya boksi, liache dukani. Hata Netflix kwenye vifaa visivyoidhinishwa, ikikubali kufunguka, kwa kawaida haipandi hadi HD.

Mimi lilinikuta. Lilikuwa sanduku la elfu themanini, lenye "chaneli elfu kumi", na bando la nyumbani likawa linaisha kabla ya tarehe 20. Nililirudisha kama lilivyotoka kiwandani mara mbili, bando likaendelea kuyeyuka. Sasa liko juu ya kabati, nimelisahaulisha nywila ya Wi-Fi na kuibadilisha ile ya ruta kwa usalama zaidi, na watoto wanalitumia kutazama katuni za kwenye flashi.